Super League: Ni nani mwenye mpira?

Kila mwisho wa juma vijana wengi wa parokia zetu hukusanyika kutazama mpira wa Ulaya. Huko Goma, Bukavu, Uvira, Butembo, Bunia na Kindu, jezi za Arsenal, Chelsea, Real Madrid na Barcelona zinaonekana njiani kila siku. Kisha mchezo huja mabishano, na mabishano ya mpira hayana mwisho. Kati ya hayo kuna moja linalorudi mara kwa mara: je, vilabu vikubwa na tajiri vina haki ya kujitenga na wengine na kuunda ligi yao peke yao?

Wengi wanabishana juu ya jambo hili bila kujua vema lilivyotokea. Kwa hiyo tumeona vema kulieleza hatua kwa hatua: ni nini kilipendekezwa, waliokubali walisema nini, waliokataa walisema nini, na mwishoni, jambo hili la mbali linatufundisha nini sisi tulio hapa Kongo.

Mambo yalivyotokea

Siku ya Mungu, tarehe 18 Aprili 2021, usiku, vilabu 12 vya Ulaya vilitangaza kwamba vinaanzisha shindano jipya linaloitwa Super League. Sita vilikuwa vya Uingereza: Arsenal, Chelsea, Liverpool, Manchester City, Manchester United na Tottenham. Vitatu vilikuwa vya Hispania: Real Madrid, Barcelona na Atlético Madrid. Vitatu vya Italia: Juventus, AC Milan na Inter. Mwenyekiti wa shindano hilo alikuwa Florentino Pérez, rais wa Real Madrid.

Mpango ulikuwa hivi: timu 20 kila mwaka. Kati ya hizo, 15 zingekuwa waanzilishi wenye viti vya kudumu. Hata timu ya namna hiyo ikifanya vibaya na kumaliza ya mwisho, mwaka unaofuata ingeendelea kuwamo. Viti 5 tu ndivyo vingeachiwa timu nyingine. Michezo ingechezwa katikati ya juma, kusudi vilabu viendelee kucheza ligi za inchi zao siku za mwisho wa juma. Benki ya Marekani, JPMorgan, ndiyo ingetoa mkopo, na waanzilishi wangepokea euro bilioni 3,5 kwa pamoja kwa kuanza.

Tukumbuke wakati ule ulivyokuwa. Ugonjwa wa Covid-19 ulikuwa umefunga viwanja. Kwa zaidi ya mwaka mzima timu zilicheza mbele ya viti vitupu, bila pesa za tikiti. Vilabu vingi vilikuwa na madeni makubwa. Hii ndiyo sababu moja iliyowasukuma wakubwa kufanya haraka.

Lakini ghadhabu ilikuja haraka zaidi. Jumatatu tarehe 19 Aprili, Liverpool ilikwenda kucheza na Leeds. Mashabiki walisimama nje ya uwanja wakipinga, hata mashabiki wa Liverpool wenyewe walikuwa wamekasirikia wakubwa wao. Wachezaji wa Leeds walivaa nguo zenye maandishi ya kusema kwamba nafasi ya kucheza Ulaya hupatikana uwanjani. Kesho yake, Jumanne, mashabiki wa Chelsea walifunga njia karibu na uwanja wao wa Stamford Bridge, mpaka Petr Čech, aliyekuwa kipa wao zamani na wakati ule mmoja wa viongozi wa klabu, akatoka nje kuwaomba wape basi nafasi ya kupita. Jioni ile ile Manchester City ilijiondoa, na kabla ya usiku kuisha timu zote sita za Uingereza zilikuwa zimetoka. Jumatano Atlético, Inter na Milan nazo zikafuata. Karibu saa 48 zilitosha kuangusha mpango ulioandaliwa kwa muda mrefu. Real Madrid, Barcelona na Juventus peke yao ndio waliobaki wakiutetea.

Mlango wazi na mlango uliofungwa

Ili kuelewa ugomvi huu, ni lazima kuelewa tofauti moja. Katika Ulaya, na kwetu Afrika vilevile, mpira umejengwa kama ngazi. Timu ndogo ikishinda inapanda daraja. Timu kubwa ikishindwa inashuka. Ili kuingia Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, kwa kawaida klabu inapaswa kumaliza katika nafasi za juu kwenye ligi ya inchi yake, na mwaka unaofuata inaanza tena. Jina kubwa halitoshi. Tunaweza kusema kwamba mlango uko wazi, hata kama ni mwembamba.

Katika Marekani hawafanyi hivyo. Ligi yao ya mpira wa kikapu, NBA, na ile ya mpira wa Kimarekani, NFL, zimefungwa. Hakuna kupanda wala kushuka. Mwenye klabu anajua kwamba mwaka ujao atakuwamo, ashinde asishinde. Lakini Wamarekani wameweka kanuni nyingine za kusawazisha mambo: kuna kipimo cha pesa za mishahara, na timu zilizofanya vibaya ndizo kwa kawaida zinazopewa nafasi ya kwanza kuchagua wachezaji vijana.

Si ajabu basi kwamba wenye Arsenal, Liverpool na Manchester United walikuwa Wamarekani wenye timu pia katika ligi zilizofungwa za kwao. Kwa mfanyabiashara aliyenunua klabu kwa pesa nyingi sana, hatari ya kukosa Ligi ya Mabingwa kwa mwaka mmoja ni hasara kubwa. Alitaka uhakika. Lakini kile anachokiita hatari, shabiki anakiita mchezo. Hapa ndipo pande mbili zilipogongana.

Waliokubali walisema nini

Tusiwafanye waliokubali kuwa wapumbavu. Walikuwa na hoja, na baadhi ya mashabiki walizikubali, hata kwetu.

Hoja ya kwanza: watu wanapenda kuona wakubwa wakikutana. Real Madrid na Manchester United wanaweza kukaa miaka mingi bila kucheza pamoja. Kwa nini tungoje? Pérez alisema kwamba vijana wameanza kuuacha mpira, na kwamba bila mabadiliko vilabu vitafilisika.

Hoja ya pili: vilabu ndivyo vinavyolipa wachezaji na kubeba madeni, lakini UEFA, shirika linalosimamia mpira wa Ulaya, ndilo linaloamua michezo ichezwe namna gani na pesa zigawanywe vipi. Walisema kwamba anayebeba mzigo ndiye anayepaswa kuamua.

Hoja ya tatu: UEFA yenyewe haiko safi katika jambo la pesa. Tarehe 19 Aprili 2021, siku moja tu kisha tangazo lile, UEFA ilipitisha namna mpya ya Ligi ya Mabingwa yenye timu 36 na michezo mingi zaidi, iliyoanza mwaka 2024. Shabiki mmoja anaweza kuuliza kwa haki: kama Super League ni tamaa ya pesa, kuongeza michezo ni nini?

Waliokataa walisema nini

Waliokataa walijibu kwa historia. Katika vile vilabu 12, vinne vilikuwa havijawahi kutwaa kombe la mabingwa wa Ulaya hata mara moja mpaka siku ile: Arsenal, Tottenham, Manchester City na Atlético Madrid. Lakini Nottingham Forest ya Uingereza ililitwaa mara mbili, mwaka 1979 na 1980, ingawa mwaka 1977 ilikuwa bado katika daraja la pili. Ajax ya Uholanzi imelitwaa mara nne. Celtic ya Scotland ililitwaa mwaka 1967. Hao wote hawakuwa katika orodha ya wenye viti vya kudumu. Na msimu ule ule wa 2020-2021, Tottenham ilimaliza ya 7 na Arsenal ya 8 katika ligi ya Uingereza. Walitaka kiti cha kudumu katika meza ambayo mwaka ule hawakustahili kuketi.

Tena walikumbusha Leicester City. Klabu hiyo ilipanda kutoka daraja la pili mwaka 2014, na mwaka 2016 ikawa bingwa wa Uingereza. Kabla ya msimu kuanza, hakuna mtu mwenye akili aliyewatazamia. Mambo kama hayo hutokea pale tu ambapo mlango uko wazi.

Walisema pia kwamba vilabu hivi havikuanzishwa na matajiri. Manchester United ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli. Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha. Na hapa kuna jambo ambalo wakristo wengi hawalijui: Manchester City ilitoka katika kanisa la St Mark's, mtaa wa West Gorton, mwaka 1880, mahali ambapo watu wa kanisa walitafuta shughuli njema kwa vijana wa mtaa maskini wenye ulevi na mapigano. Tottenham ilianzishwa mwaka 1882 na wavulana waliokuwa wakifundishwa Biblia pamoja. Everton ilitoka katika kanisa la Wamethodisti, na kwa kugawanyika kwa Everton mwaka 1892 ndipo Liverpool ilipozaliwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa mitaa hiyo walilipa tikiti, walishona bendera, walileta watoto wao na wajukuu wao. Halafu Jumapili moja usiku wakasikia kwenye habari kwamba klabu yao imehama. Hakuna aliyewauliza.

Hilo ndilo lililowachoma zaidi. Pesa zilikuwa jambo moja, lakini kupuuzwa kulikuwa jambo kubwa zaidi. Mmiliki mkuu wa Liverpool, John Henry, alijitokeza baadaye kwa video na kuwaomba mashabiki msamaha. Lakini hasira haikuisha siku hiyo. Tarehe 2 Mei 2021, mashabiki wa Manchester United waliingia kwa nguvu katika uwanja wa Old Trafford, na mchezo wao na Liverpool ukaahirishwa.

Mambo yasiyo mepesi

Kwa haki, ni lazima tuseme pia kwamba jambo hili si la watu wema upande mmoja na watu wabaya upande mwingine.

Premier League yenyewe, ambayo mashabiki wa Uingereza waliitetea, ilizaliwa kwa kujitenga. Mwaka 1992 vilabu 22 vya daraja la kwanza viliacha shirika la zamani kusudi vijipatie pesa nyingi zaidi za televisheni. Tofauti ni moja tu, lakini ni kubwa: waliacha mlango wa kupanda na kushuka wazi.

Tena, wengi husema kwamba vilabu vikiwa mali ya wanachama, mambo kama haya hayatatokea. Katika Ujerumani kuna kanuni inayosema kwamba, isipokuwa kwa vilabu vichache, wanachama lazima wawe na kura zaidi ya nusu. Bayern Munich na Borussia Dortmund zilikataa kuingia Super League, na wengi wanasema kanuni hiyo ilisaidia. Lakini Real Madrid na Barcelona nazo ni mali ya wanachama, na ndizo zilizokuwa mbele kabisa katika mpango huu. Na Paris Saint-Germain, iliyo mali ya watu wa Qatar wenye pesa nyingi, ilikataa. Kwa hiyo kuwa na wanachama ni vema, lakini hakutoshi. Wanachama wanapaswa kuulizwa kweli, na viongozi wanapaswa kusikiliza.

Kisha tangazo lile, mambo yalikwenda mahakamani. Tarehe 21 Desemba 2023, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kanuni za FIFA na UEFA za kutoa ruhusa kwa mashindano mapya zilivunja sheria, kwa sababu hazikuwa wazi wala za haki kwa kila mmoja. Mahakama haikusema kwamba Super League lazima ikubaliwe. Ilisema kwamba mlinzi wa mlango hawezi kuamua kwa kupenda kwake tu. Watetezi wa mpango wakaleta mpango mwingine wenye timu nyingi zaidi na wenye kupanda na kushuka. Kwa kubadilisha hivyo, walikiri bila kusema kwamba viti vya kudumu ndivyo vilivyowaangusha.

Uingereza nayo ilichukua hatua. Premier League na vilabu vile sita vilikubaliana kwamba vitatoa paundi milioni 22 kwa pamoja, na kwamba atakayejaribu tena ataondolewa alama 30. Mwaka 2025 bunge lilipitisha sheria inayoweka msimamizi huru wa mpira, mwenye uwezo wa kuzuia vilabu kuingia katika ligi za kujitenga. Sauti za mashabiki waliosimama njiani mwaka 2021 ziliishia katika sheria ya inchi.

Sisi wa Kongo tunahusika wapi?

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tuna shida zetu. Lakini tuangalie vizuri. Waliopanga Super League walisema kwamba wanafikiri juu ya mashabiki wa dunia nzima, na vijana hasa, watu wanaotazama kwa televisheni na kwa simu. Yaani walifikiri juu ya kijana wa Goma anayelipa franga chache kwenye nyumba ya video ili aone Chelsea. Jambo lilifanywa kwa jina letu. Lakini kama vile hawakumuuliza mzee wa London mwenye tikiti ya miaka 40, hawakumuuliza kijana wa Goma pia. Wote wawili walihesabiwa kama wateja. Shabiki wa karibu na shabiki wa mbali walionekana kama watu wawili wenye faida tofauti, kumbe walikuwa na swali moja: je, klabu hii ni yetu kwa namna yoyote?

Tena sisi tunajua thamani ya mlango wazi. Mwaka 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi, ikiwa bingwa wa Afrika, ilikwenda Abu Dhabi kwa kombe la dunia la vilabu. Iliwapiga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya shindano hilo. Dunia nzima ilimwona kipa Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio kwa furaha. Katika fainali Mazembe ilishindwa na Inter 3-0. Inter ni mmoja wa wale 12. Kama nafasi ingetolewa kwa kuangalia jina na mali peke yake, ni nani angewaita watu wa Lubumbashi kukutana na Inter? Walifika pale kwa sababu walishinda, hatua kwa hatua, tangu ligi ya inchi yetu.

Karibu nasi zaidi, AS Maniema Union ya Kindu ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika katika msimu wa 2024-2025, ikacheza na Raja Casablanca na AS FAR za Morocco, na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Njia ya kwenda Kindu ni ngumu, pesa ni kidogo, lakini ngazi ilikuwapo, nao wakaipanda.

Afrika nayo imejaribu jambo linalofanana na Super League. Mwezi wa Agosti 2022, huko Arusha, Tanzania, shirika la mpira wa Afrika, CAF, lilitangaza ligi mpya ya vilabu 24. Iliyoanza mwezi wa Oktoba 2023, kwa jina la African Football League, ilikuwa na vilabu 8 tu. Mazembe ilikuwa mmoja wao, na ilitolewa na Espérance ya Tunisia. Mamelodi Sundowns ndio waliotwaa kombe. Tofauti na Ulaya, huku shirika lenyewe ndilo lililoanzisha, na kusudi lililosemwa lilikuwa kuleta pesa kwa vilabu vyenye shida. Hilo ni kusudi jema, kwa maana vilabu vya Afrika vinahitaji pesa kweli. Lakini swali linabaki lile lile, na shabiki wa Kindu ana haki ya kuliuliza: je, timu yangu ikishinda, kuna mlango wa kuingilia?

Tuchukue nini kwa sisi wenyewe?

Hatuandiki haya ili kuwaongezea vijana maneno ya kubishana. Tunaandika kwa sababu jambo hili hutokea pia pasipo mpira. Katika ushirika wa akiba, katika kwaya, katika kamati ya shule, hata katika mashindano ya vijana kati ya parokia na parokia, inaweza kutokea siku moja wenye uwezo wakasema: tukae sisi peke yetu, wengine wanatuchelewesha. Mara nyingi watakuwa na sababu za kweli. Labda wao ndio wanaotoa mchango mkubwa. Labda wamechoka kubeba wengine.

Siku hiyo ikifika, habari ya Super League inatupa maswali matatu mepesi. La kwanza: je, nafasi hizi zinapatikana kwa kazi ya kila mwaka, au zimekwisha gawanywa milele? La pili: wale waliojenga kitu hiki tangu mwanzo, hata wakiwa maskini, wameulizwa mbele ya uamuzi au wamejulishwa nyuma yake? La tatu: yule anayelinda mlango, yeye mwenyewe anafuata kanuni zilizo wazi kwa wote?

Wale vilabu 12 walikuwa na pesa, wanasheria na benki kubwa. Walikosa kujibu maswali hayo matatu, na mpango wao ukaanguka kwa siku mbili. Vijana wetu wakibishana tena juu ya Super League kwenye nyumba ya video, na wabishane kwa amani, bila matusi wala ngumi. Kisha mmoja wao awaulize wenzake: na sisi, katika mambo yetu hapa parokiani, mlango wetu uko wazi?